Pima Reli Kabla ya Kutuma Pesa: Mashine Ndogo ya CNC Kutoka kwa Printa Iliyokufa

Nyuma ya karibu kila saiba mtaani kuna printa iliyokufa. Iko chini ya meza, imejaa vumbi, na mwenyewe anangoja tu mtu wa vyuma chakavu apite. Ukimwuliza bei, huenda akakuambia, "Wee chukua tu." Lakini ifungue kwa bisibisi uone. Ndani kuna fito za chuma zilizonyooka na kung'aa, mkanda wenye meno, mota, na bushi zinazoteleza bila kelele. Hivyo ndivyo viungo vya mashine ya CNC, ile inayochonga mbao, plastiki na akriliki kwa kufuata maagizo ya kompyuta.

Wengi wenu mnaolipa na kulipwa kwa simu ni watu wa kazi za mikono: maseremala, watengenezaji wa mabango, mafundi wa simu na redio, wauzaji wa zawadi za harusi na mahafali. Kwenu mashine ndogo ya kuchonga si mchezo wa watoto wa chuo. Ni kibao cha jina la mlango, ni holda za funguo, ni namba za nyumba, ni kazi ambayo leo unaipeleka kwa mtu mwingine na kumwachia faida.

Lakini kuna shida moja, na ni shida ya pesa. Spea za mtumba hununuliwa kidogo kidogo: mia tano leo, elfu moja wiki ijayo, na kila mara ni kubonyeza simu tu. Baada ya miezi mitatu mtu anajikuta na sanduku la mota nne zisizofanana, reli mbili zenye unene tofauti, na salio sifuri. Mashine hakuna. Na pesa ile ilikuwa ya stoki, au ya karo.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio. Usianze na mchoro wa mashine kisha uende kutafuta spea. Anza na spea unazoweza kushika na kupima, halafu ziache zikuambie mashine itakuwa ya ukubwa gani. Pesa nayo ifuate vipimo, isivitangulie.

CNC ni nini hasa?

Ni mashine ambayo mkono wake wa kukata unaongozwa na namba. Mwaka 1952, Chuo Kikuu cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kwanza ya aina hii, na ilikuwa kubwa ya kujaza chumba. Leo ubongo wake unatoshea kiganjani. Bodi ya Arduino ilianza Italia mwaka 2005, na mwaka 2009 ikaandikwa programu ya bure inayoitwa GRBL. Hiyo hukaa ndani ya bodi, husoma maagizo ya namba, na kuzigeuza kuwa hatua za mota.

Mashine ina njia tatu za mwendo. X ni kushoto na kulia. Y ni mbele na nyuma. Z ni juu na chini. Kila njia inahitaji vitu vitatu: reli ya kuteleza juu yake, mota ya kusukuma, na skrubu au mkanda wa kuunganisha hivyo viwili.

Na hili la kutumia taka si ndoto. Mwaka 2013, mjini Lomé nchini Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D kwa vipande vya printa, skana na kompyuta zilizotupwa. Hapa Nairobi, kampuni ya AB3D nayo ilianza kwa kutengeneza printa za 3D kutokana na taka za kielektroniki. Printa ya 3D na CNC ni ndugu wa tumbo moja: mwendo ni ule ule, ila moja inaongeza plastiki na nyingine inapunguza mbao.

Nini kinatoka wapi

Kabla hujaenda Luthuli, Kariobangi Light Industries, Kibuye au Kongowea, jua unachotafuta ndani ya kila mzoga.

*Draivu ya DVD.* Ina mota ndogo sana ya hatua yenye skrubu yake. Kwa kawaida mota hiyo hupiga hatua 20 kwa mzunguko, na skrubu husogea milimita 3 kwa mzunguko, yaani milimita 0.15 kwa hatua. Lakini safari yake yote ni kama sentimita 4, na haina nguvu. Inafaa kushika kalamu na kujifunzia. Haiwezi kukata mbao.

*Skana ya mezani.* Ina reli moja ndefu, kwa sababu lazima ipite karatasi ya A4 yenye urefu wa milimita 297. Reli ni nzuri. Mota yake mara nyingi ni nyembamba na dhaifu.

*Printa ya wino.* Reli safi, bushi nzuri, mkanda wenye meno. Ila angalia mota: printa nyingi za siku hizi hutumia mota ya kawaida ya nyaya mbili, ikisaidiwa na ukanda wa plastiki wenye mistari midogo. Hiyo si mota ya hatua. Chukua reli, mota iache.

*Printa ya zamani ya kugonga wino,* ile ya risiti ndefu yenye kelele. Hii ni mgodi. Reli yake ni nene, na kwa kawaida mota zote mbili ni za hatua.

*Mashine ya fotokopi.* Mfalme wa taka. Ndani kuna fito nene, mota kubwa za hatua na beringi nyingi. Fotokopi moja iliyokufa inaweza kukupa njia mbili za mwendo, ukipata mwenye kukuuzia nzima badala ya vipande.

Vipimo vya kufanya ukiwa bado dukani

Beba kalipa, kipande kidogo cha kioo, na vidole vyako. Vipimo hivi havihitaji stima.

Kwanza, reli. Iweke juu ya kioo uiviringishe pole pole. Ikiwa imepinda, utaona mwanga ukiingia na kutoka chini yake, au utaisikia ikigonga. Reli iliyopinda haina bei nzuri, hata ikiwa ya bure. Kisha pima unene kwa kalipa mahali patatu: mwisho huu, katikati, mwisho ule. Katikati ikiwa nyembamba kuliko pembeni, imeliwa na kazi.

Pili, bushi. Reli na bushi yake ni kama kinu na mchi: vinunue pamoja. Bushi ya printa imetengenezwa kwa unene wa reli ile ile. Ivalishe kwenye reli, kisha itikise juu na chini. Ukihisi mchezo kwa mkono, huo mchezo utauona kwenye kazi ya mteja. Kama bushi imepotea na reli ina unene wa milimita 8 kamili, usikate tamaa. Beringi za kuteleza za LM8UU zimetengenezwa kwa kipimo hicho: tundu milimita 8, unene wa nje 15, urefu 24.

Tatu, mota. Tafuta kibandiko kilichoandikwa 1.8°. Maana yake ni hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na hiyo ndiyo unayotaka. Ikiandikwa 7.5° ni hatua 48 tu. Sasa zungusha shafti kwa vidole. Halafu gusanisha nyaya mbili na uzungushe tena. Ikiwa shafti imekuwa ngumu ghafla, nyaya hizo mbili ni za koili moja. Kama hakuna tofauti, jaribu jozi nyingine. Mota ya nyaya nne yenye koili mbili nzima ndiyo rahisi kuendesha. Ya nyaya sita pia inafaa, kwa kuacha ule waya wa katikati wa kila koili bila kuunganishwa. Ya nyaya tano italeta shida na draiva za kawaida, kwa hivyo iache pale pale.

Nne, uso wa mota. Wenye upana wa milimita 42, matundu yakiwa umbali wa milimita 31, huitwa NEMA 17. Wenye milimita 57 ni NEMA 23. Kwa kuchonga mbao, usishuke chini ya 42.

Tano, mkanda. Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua. Mkanda wa GT2 una milimita 2 kutoka jino hadi jino. Mkanda wa MXL, unaopatikana kwenye printa nyingi, una milimita 2.032. Kwa macho ni kitu kimoja. Pima meno 50: GT2 itakupa milimita 100, MXL itakupa 101.6. Weka alama ya kalamu kwenye mkanda ili usisahau.

Hesabu ya reli inayoamua ukubwa wa mashine

Wacha tuseme ukweli: kila mtu anataka mashine kubwa. Lakini reli ina maoni yake.

Ukiongeza urefu wa reli mara mbili, kupinda kwake kunaongezeka mara 8. Ukiongeza unene mara mbili, kupinda kunapungua mara 16. Kwa hivyo reli nene na fupi ni rafiki wa fundi, na reli nyembamba na ndefu ni ahadi hewa.

Chukua mfano. Una reli mbili za milimita 8, zimeshikwa pande zote mbili, na nafasi kati ya vishikio ni milimita 300. Ukiweka mzigo wa kilo 2 katikati, zitapinda karibu milimita 0.14. Zipunguze ziwe milimita 200, kupinda kunashuka hadi kama 0.04. Zirefushe hadi 400, kunapanda hadi kama 0.33. Na ukipata reli za milimita 12 kutoka kwa fotokopi, kwa nafasi ile ile ya 300 zitapinda chini ya 0.03.

Sasa fikiria kibao cha jina chenye herufi zilizochongwa kina cha milimita 0.5. Reli ikishuka 0.33 katikati, herufi za pembeni na za katikati hazitalingana kina, na mteja ataona. Ikishuka 0.03, hakuna atakayejua.

Kutoka hapo unapata safari ya mashine. Tuseme reli yako ina milimita 330. Vishikio vinakula 15 kila upande, jumla 30. Meza imebebwa na bushi mbili kwa kila reli, na kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine ni milimita 100. Kwa hivyo: 330 toa 30 toa 100, unabaki na 200. Hiyo ndiyo safari. Usijaribu kuiongeza kwa kusogeza bushi karibu karibu, maana meza itaanza kutikisika kama kiti cha matatu iliyochoka.

Andika namba hiyo kwenye karatasi: milimita 200. Kila kitu kingine, kuanzia fremu hadi meza hadi urefu wa skrubu, kitatoka kwayo. Umeshabuni nusu ya mashine na bado hujachora mstari hata mmoja.

Skrubu au mkanda?

Mkanda ni wa haraka lakini ni laini. Skrubu ni ya pole pole lakini ina nguvu. Kwa mashine ndogo ya kuchonga mbao, skrubu inashinda, na huhitaji ya bei kali. Fito yenye nyuzi ya M8 kutoka hardware husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko.

Hesabu yake ni hii. Mota ina hatua 200. Draiva ikigawanya kila hatua mara 8, unapata 1,600 kwa mzunguko. Gawanya kwa 1.25, unapata hatua 1,280 kwa kila milimita. Hiyo ndiyo namba utakayoiandika kwenye GRBL. Kwa mkanda wa GT2 na gurudumu la meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40, kwa hivyo ni hatua 40 tu kwa milimita.

Usidanganywe na ile 1,280 ukadhani mashine ina usahihi wa ajabu. Nati ya kawaida ina mchezo ndani ya nyuzi zake. Mota ikigeuza mwelekeo, inazunguka kidogo kabla meza haijasogea. Njia ya jua kali ya kuuondoa ni kutumia nati mbili zenye springi katikati, zinazosukumana kila moja upande wake. Mchezo unapungua sana. Bei yake ni nati moja na springi.

Kuhusu kasi, uwe na kiasi. Milimita 400 kwa dakika kwa fito ya M8 ni mizunguko 320 kwa dakika, na mota ya mtumba inapozidi hapo huanza kupoteza nguvu na kuruka hatua. Mashine inayoenda pole pole na kumaliza kazi ni bora kuliko ya haraka inayoharibu ubao saa ya tatu.

Fremu: meza isogee, daraja lisimame

Kwa reli za mtumba, mpangilio salama ni huu: meza inasogea mbele na nyuma, na daraja linaloshika mkono wa kukatia limesimama imara halisogei. Daraja linalosogea linahitaji reli ndefu pande mbili na nguvu nyingi. Meza inahitaji reli mbili fupi tu.

Gawa reli hivi: zile nene zaidi zibebe daraja, kwa sababu hapo mkono wa kukatia unaning'inia. Zinazofuata zibebe meza. Fupi kabisa ziende Z, maana Z haihitaji zaidi ya milimita 50 hivi kwa kazi za vibao.

Plaiwudi ya milimita 18 inatosha kwa fremu ya kwanza. Kata vipande viwili vya ubavu vikiwa vimefungwa pamoja, na toboa matundu ya reli kwa vyote viwili kwa mpigo mmoja. Hapo reli zitakuwa sambamba bila wewe kuhangaika. Kisha pima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, fungua bolti urekebishe sasa, kabla ya gundi.

Jaribio la mwisho kabla ya mota: sukuma meza kwa kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, reli haziko sambamba. Usitegemee mota ishinde kwa nguvu.

Stima haina urafiki

Usifungue kisanduku cha stima cha printa au fotokopi. Kapasita zilizo ndani zinaweza kushika chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kichomoe kikiwa kizima, pima kinachotoa kwa mita, na kikiwa na volti 12 au 24 thabiti, kina kazi kwako.

Draiva za A4988 hufanya kazi kati ya volti 8 na 35. Anza na mkondo mdogo uongeze pole pole. Mota ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, umezidisha. Na usichomoe waya wa mota wakati draiva ina stima, hata kwa sekunde, kwa sababu draiva itakufa papo hapo.

Ukianza kukata, vaa miwani na kitambaa cha pua. Weka swichi ya kuzima mahali mkono unafika bila kutazama. Na kata kwa tabaka: plaiwudi ya milimita 3 ipite mara sita kwa milimita 0.5, badala ya mara moja kwa nguvu.

Sasa tuongee pesa

Tuseme umetenga shilingi 20,000. Hii si orodha ya bei. Ni mfano wa kugawanya. Weka 7,000 kwa reli, bushi na mota. Weka 4,500 kwa bodi na draiva, 3,500 kwa mbao, fito za nyuzi na bolti, 3,000 kwa mota ya kukatia. Bakisha 2,000 ya dharura. Pesa hii iweke kando, mbali na salio lako la kila siku, ili nauli na mboga zisiipunguze kimya kimya.

Fuata mpangilio huo huo wa kununua. Usinunue draiva kabla hujajua mota inakula mkondo kiasi gani. Usikate fremu kabla hujashika reli. Kila hatua ikikwama, utakuwa umepoteza pesa ya hatua moja tu, si ya mashine nzima.

Na unapolipa:

1. Ona, pima, ndipo ulipe. Ukiwa dukani, lipa kwa namba ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, lisome. Kama si la duka au la mtu aliye mbele yako, simama na uulize. Kuuliza si ujinga.

2. Muuzaji akiwa mbali, mwambie akutumie video akizungusha mota, kisha akigusanisha nyaya mbili na kuizungusha tena. Mwenye mota kweli atachukua dakika moja. Anayekuambia "tuma kwanza, wateja ni wengi" amekujibu tayari. Mkubaliane malipo madogo ya awali, na salio ulipe ukishapokea mzigo na kuukagua.

3. Andika makubaliano kwa ujumbe. Kwa mfano: "Nimelipa 3,000 ya mota 3. Moja ikiwa mbovu kabla ya Ijumaa, utanibadilishia." Muuzaji akijibu "sawa", una kitu cha kushika mkononi.

4. Usifute ujumbe wa malipo. Omba risiti yenye maelezo ya ulichonunua. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya uharibifu wa nguzo na nyaya za stima. Ukiulizwa chuma chako kilitoka wapi, ujumbe na risiti vitakujibia.

5. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia namba rasmi. Na mtu akikupigia akidai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza, usiamini ujumbe pekee. PIN yako haiombwi na mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Kazi ya kwanza si ya mteja

Chonga mraba wa milimita 100 kwa 100. Upime. Ukipata 101.6 mahali ulipoagiza 100, unakumbuka ule mkanda wa MXL? Rekebisha: chukua hatua ulizoandika, zidisha kwa ulichoagiza, gawanya kwa ulichopata. Kwa mkanda ni 40 mara 100 gawa kwa 101.6, unapata 39.37. Andika hiyo, kisha chonga tena.

Halafu pima mshazari. Kwa mraba wa 100, kila mshazari uwe kama milimita 141.4. Mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, X na Y hazijakutana kwa pembe mraba. Legeza daraja, sogeza kidogo, kaza, rudia.

Ni mraba huu unaokuambia kama uko tayari kupokea pesa ya mtu. Ukishakuwa sawa, anza na vibao vya majina. Andika kila kazi: mbao kiasi gani, dakika ngapi, biti iliyovunjika. Toa sehemu ya kumi ya kila malipo uiweke kwa biti na spea zijazo. Haba na haba hujaza kibaba, na baada ya kazi kadhaa utajua bei yako halisi badala ya kukisia.

Mwisho, yule mwenye saiba aliyekupa printa bure, mchongee kibao cha jina la duka lake. Nyuma kule ana fotokopi moja haifanyi kazi tangu mwaka jana.